Lesi ya Mutindi

Pale kijijini Tulia, Kitui, mwanamke aliyezaa huitwa kwa jina la mwanawe, na ambaye hakuzaa hubaki na jina alilopewa na mama yake. Syokau aliyaonja yote mawili. Mwaka wa 1965, kwa miezi michache tu, alikuwa Mama Mutindi: kisimani Mama Mutindi, sokoni Mama Mutindi, hata mama mkwe aliyekuwa na mdomo mchungu alimwita hivyo na kutabasamu. Kisha surua ikapita kijijini, ikamchukua mtoto. Watu wakaanza tena kumwita Syokau. Hawakuanza siku moja, walianza kidogo kidogo, na kwa upole, kama watu waliokuwa wamemwazima jina na sasa wanalichukua bila kutaka ugomvi.

Mtoto mchanga siku hizo hakuwa na matanga ya watu. Wanawake watatu walimzika nyuma ya nyumba kabla jua halijapanda, na kazi za shamba zikaendelea. Syokau alitaka azikwe na gauni lake jeupe la kubarikiwa, lile lenye lesi shingoni. Mama mkwe akamvua mtoto gauni hilo kwa mikono yake mwenyewe.

"Nguo nzuri hivi haiwekwi udongoni," alisema. "Weka. Itavaliwa na anayekuja."

Syokau akaweka. Aliyekuja hakuna. Ndeti, mume wake, alingoja miaka michache, akaenda Mombasa kutafuta kazi ya reli, akapata kazi na mke pia. Shemeji akalichukua lile shamba la nyuma ya nyumba, akapitisha plau ya ng'ombe na kupanda mbaazi, na kaburi likapotea. Picha haikuwapo, maana nani angempeleka mtoto wa miezi mpaka Kitui mjini kupigwa picha? Ukiuliza kitu gani duniani kilionyesha kwamba Mutindi aliwahi kuishi, jibu lilikuwa ndani ya sanduku la bati, chini ya kitanda cha mama yake.

Hiyo lesi ilikuwa na historia yake. Syokau alipokuwa msichana alipiga pasi nguo za mwalimu mmoja wa misheni, na yule mama alipoondoka akamwachia kipande kilichokatwa kwenye pazia la zamani. Kilikuwa na upana wa vidole viwili, chenye maua madogo yaliyoshikana mikono. Syokau alikishona kwenye gauni lake la harusi. Alipopata mimba alikifumua kwa ncha ya wembe, mshono mmoja mmoja, akakishona kwenye gauni la mtoto. Ndivyo alivyokuwa, kitu kizuri kwake hakikuisha, kilihama tu. Baadaye alipokuwa fundi pale sokoni, akishona sare za shule kwenye baraza ya duka, wanawake walimletea leso za mama zao waliokufa na magauni ya ujana wao, naye akayageuza kuwa foronya, vitambaa vya makochi na nguo za wajukuu. Mkono wake ulijua namna ya kukata bila kuumiza. Lakini gauni la Mutindi hakuligusa. Alilitoa mara moja moja, akalianika kivulini, akalirudisha.

Mwaka wa 1981 kanisa la Tulia likamaliza jengo jipya la mawe. Kaluki, mke wa mchungaji, akawakusanya akina mama baada ya ibada.

"Kila mama alete kitambaa ambacho hawezi kupatia mtu," alisema. "Si matambaa, nimesema kile unapenda. Syokau atashona vyote viwe kimoja, kikae kwa meza ya Bwana. Na siku ya kufungua kanisa, jina la kila mpendwa wenu litatajwa kwa maombi. Hicho kitambaa hakitatoka hapo mpaka Yesu arudi."

Akina mama wakaleta. Kalondu, rafiki yake Syokau, alileta kipande cha leso ya marehemu mama yake, chenye michoro ya korosho nyekundu. Mwingine akaleta upindo wa shela, mwingine mfuko wa shati la mwanawe aliyeuawa na nyoka Tseikuru alikokuwa akichunga. Syokau alivipokea, akavifua, akavipanga juu ya shuka jeupe. Katikati akaacha nafasi. Kalondu aliitazama ile nafasi, akamtazama rafiki yake.

Si kwamba Syokau hakusitasita. Alikaa na lile gauni mapajani mpaka chai ikapoa. Lakini fikiria kile kitambaa kilikuwa kinamwahidi nini. Jina la Mutindi litatajwa kanisani, kwa sauti, mbele ya watu wote, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu afe. Na kila Jumapili ya meza ya Bwana mama yake atakaa benchi la mbele na kumtazama mtoto wake, pahali ambapo plau ya shemeji haifiki. Nani angekataa? Akachukua wembe, akafumua. Lesi akaizungusha mviringo katikati ya kitambaa, akaishona kwa mishono midogo ambayo hata yeye mwenyewe aliitafuta kwa kidole asiione.

Siku ya kufungua kanisa ikafika, na mgeni wa heshima akachelewa kama wageni wa heshima wanavyochelewa. Aliitwa Gicheru, mfanyabiashara wa Emali, Mkristo mzuri tu, aliyetoa mabati ya kanisa zima. Alikuja na mke wake Nyawira. Kwa sababu ya kuchelewa, maombi yakafupishwa. Mchungaji alisema, "Bwana, unajua majina yote ya wapendwa wetu," akasema amina. Akina mama wakatazamana. Syokau alijiambia kwamba basi, kitambaa kipo, jina litangoja siku nyingine.

Zikaja zawadi. Gicheru alivikwa blanketi na kupewa fimbo ya mzee. Mke wake alikuwa amewekewa kiondo, lakini afisa mmoja wa serikali alitokea na mke wake bila kualikwa, na kiondo kikamwendea mke huyo. Sasa Nyawira amesimama pale mbele, mabega matupu, anatabasamu, na kwa Mkamba mwenye adabu hilo ni aibu ya kufa nayo. Mulei, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, mtu mwenye sauti kubwa na akili ya harakaharaka, akageuka huku, akageuka kule. Akaona meza ya Bwana. Akanyanyua kitambaa kwa mikono miwili, akakikung'uta, akamtupia Nyawira mabegani.

"Hii imeshonwa na akina mama wetu kwa mikono yao!" alipaza sauti. "Akina mama, mnafanya aje mgeni akivikwa?"

Kila mtu anajua wanafanya nini. Na kila mtu pale Tulia alijua nani huanza. Syokau ndiye aliyekuwa na kigelegele cha kanisa lile. Kilianza chini, kikapanda, kikakata hewa, na wengine walimfuata yeye. Macho yote ya akina mama yakamgeukia. Ungefanyaje? Mgeni hawezi kuvikwa mbele ya watu walionyamaza kama wako mazishini. Syokau akafungua mdomo, akapiga kigelegele. Kikatoka kizuri kama siku zote. Alikipiga huku akiitazama lesi ya mwanawe ikishuka ngazi za kanisa juu ya mgongo wa mwanamke asiyemjua, ikaingia ndani ya gari, mlango ukafungwa.

Juma lile lile alimwendea mchungaji.

"Ile lesi ilikuwa ya mtoto wangu," alimwambia. "Muulize yule mama aturudishie. Nitamshonea nyingine."

"Syokau, mtu atarudia mgeni kumnyang'anya zawadi? Si ataezua na mabati yake?" Mchungaji alicheka, kisha akaona anacheka peke yake. "Na hata wewe ulifurahi. Mimi nilikusikia kwa masikio yangu. Wewe ndio ulianza vigelegele."

Syokau akainuka. Akarudi barazani kwake, akashona sare.

Kaluki naye aliahidi kusema na Nyawira, na kila alipoulizwa alisema bado. Ukaja ukame wa 1984, watu wakapanga foleni ya mahindi ya njano, na ni nani ungemsumbua kwa habari ya lesi? Jioni Syokau alikuwa akifuma kroshia. Alifuma kitambaa cha meza cheupe, kikubwa kuliko meza yoyote ya Tulia, chenye tausi pembe zote. Waliomuuliza ni cha nani aliwaambia ni cha mtu.

Alikuwa akimngojea mtu huyo, na mwaka wa 1986 nafasi ikapatikana. Gicheru alikuwa anamwoza binti yake, akawaomba marafiki zake wa kanisa la Tulia wamsaidie kwa akina mama wa kupika. Syokau alikuwa wa kwanza kupanda lori. Kalondu alikaa kando yake, akaugusa mfuko uliokuwa mapajani mwake.

"Utabadilishana naye?"

"Nitabadilishana. Yeye ni mama, ataelewa."

Walipofika Emali hakulazimika kukitafuta kile kitambaa. Nyuma ya nyumba kulikuwa na mabeseni ya chapati yamepangwa juu ya benchi, na beseni la kwanza lilikuwa limefunikwa kwa kitambaa cha meza ya Bwana. Alizijua korosho nyekundu za mama yake Kalondu, ingawa sasa zilikuwa rangi ya matope. Mafuta yalikuwa yameingia mpaka ndani ya nyuzi. Syokau aliufunua upande mmoja, kisha mwingine. Katikati lesi haikuwapo. Akakunja kile kitambaa, akaingia nacho ndani ya nyumba.

Nyawira alikuwa kwenye korido, ana pini mdomoni, anatafuta viatu vya mtu.

"Mama, naomba niseme na wewe kidogo," Syokau alisema.

"Sema mama. Wewe ni mama nani?"

Miaka ishirini hakuna aliyemuuliza swali hilo. Tulia walijua wasimuulize.

"Mama Mutindi."

"Mama Mutindi, karibu sana. Mmepata chai huko nyuma?"

"Tumepata. Ni hiki kitambaa. Nimekuja na kingine, kipya, nimefuma mwenyewe. Nilikuwa nataka tubadilishane."

Nyawira aliona tausi, macho yakamtoka. Alikuwa mwanamke mkarimu, na hapo ndipo uchungu wenyewe ulipo, maana hata wa kumchukia hakuwapo. "Na hii yote ni yangu? Chukua hiyo ya zamani, mama, hata ungeomba bure ningekupatia. Sikumbuki hata ilitoka wapi, siku hizo tulikuwa tunapewa vitu mingi."

"Ilikuwa na lesi. Hapa katikati."

"Ile lesi!" Nyawira alicheka. "Ilinisumbua hiyo! Inashika vijiko, inashika saa ya mzee akinyoosha mkono. Nikaambia msichana akate. Ni kitambo."

"Akaiweka wapi?"

"Aweke? Lesi imeisha hivyo? Si aliwashia jiko." Akamtazama Syokau vizuri kwa mara ya kwanza, akatoa pini mdomoni. "Kwani ilikuwa ya nini?"

Syokau alifungua mdomo. Alikuwa amelibeba jibu hilo kutoka Tulia, alikuwa amelipanga barabarani neno kwa neno. Lakini nje mtu alipaza sauti kwamba bibi harusi anatoka, na Nyawira akamshika bega, akasema, "Tutaongea mama, ngoja nirudi," akakimbia. Hakurudi. Mama wa bibi harusi ana mambo mengi.

Uani wanawake walikuwa wamejipanga pande mbili. Bibi harusi akatokea mlangoni, na akina mama wa Tulia, kwa mazoea, wakamgeukia Syokau aliyekuwa amesimama na kitambaa cha mafuta kifuani. Wakangoja. Kalondu akamsukuma kidogo kwa kiwiko. Syokau akawatazama tu, midomo imefungwa, mpaka mtu mwingine akaanza, vibaya, kwa sauti ya kupasuka.

Alipofika nyumbani alikichemsha kile kitambaa kwa sabuni na majivu, akakaa nacho barazani na wembe wake. Alifumua kipande kimoja kimoja. Akina mama wakaja kuchukua vyao. Kalondu aliikumbatia korosho ya mama yake, ikiwa na madoa yake yote, akalia kwa furaha, kisha akakumbuka yuko mbele ya nani na akajifuta uso. Mama wa yule kijana wa Tseikuru aliutia mkono wake ndani ya mfuko wa shati, akaukaza humo, akaenda zake hivyo hivyo. Shuka lilibaki tupu. Katikati palikuwa na mviringo wa matundu madogo ya sindano, na vipande vya uzi ambavyo yule msichana wa kazi hakuvifikia alipokuwa akikata. Syokau alivitoa kwa ncha ya wembe. Alivitafuta kwa kidole, kwa sababu mishono yenyewe alikuwa ameificha vizuri mno.

Mchungaji alimwomba ashone kitambaa kingine cha meza. Syokau akamwambia wanunue sokoni, na wakanunua. Aliendelea kuja kanisani, akikaa benchi la nyuma karibu na mlango, na wageni wengine waliletwa wakavikwa. Mulei aliuliza mara nyingi kwa nini vigelegele vya Tulia vimekuwa vyembamba, na mara moja alimwendea Syokau mbele ya watu, akamtania kwamba sauti imeliwa na uzee.

"Sijazeeka," Syokau alimjibu. "Ile sauti yangu ya mwisho niliitoa siku ile wewe ulimpeana mtoto wangu, na mimi nikashangilia."

Mulei aliuliza ni mtoto gani.