Kapu la Kahawa Mbichi

Msinipe pole. Aliyetendewa ameshazikwa, na mimi ugali wangu bado nakula vizuri.

Karakana yetu ya uchoraji ilikuwa chumba kimoja pale Tunduma, nyuma ya duka la vitenge. Tulikuwa wawili, mimi na Mnamwanga mmoja aliyenizidi umri, nami nikimwita kaka. Yeye alichora, mimi nikapaka rangi. Watu walidhani tumegawana kazi kwa kupenda. Wapi! Kaka hakuweza kutofautisha nyekundu na kijani. Machoni pake zote zilikuwa matope tu. Siri hiyo tuliijua sisi wawili, maana nani angempa kazi mchoraji wa namna hiyo?

Basi tukawa na utaratibu wetu. Enzi zile za ujamaa rangi ilikuwa ya shida. Tuliipata upande wa Zambia, kidogo kidogo, tukaimimina kwenye makopo ya maziwa. Kijani niliizimua kwa mafuta ya taa ili ifike mbali. Nyekundu nilimwekea kaka mkono wa kulia, kijani kushoto, naye wakati wa kumalizia picha alichovya bila wasiwasi hata mteja akiwa amesimama mgongoni. Tulichora hivyo miaka mingi: vibao vya vinyozi, mapazia ya wapiga picha, sura za marehemu.

Kazi kubwa kuliko zote ikatoka kijiji kimoja cha Mbozi, upande wa Isansa. Walitaka ukuta mzima wa ghala la kahawa, wanakijiji wakivuna. Barua yao ilimwalika "mchoraji pamoja na msaidizi wake." Msaidizi! Nikampa kaka aisome, akacheka.

"Sasa unanuna nini, mdogo wangu? Wajibu kwamba tutafika."

Roho iliniuma, jamani. Kicheko kile nakichukia mpaka leo.

Tulifanya kazi wiki mbili. Kapu moja tuliliacha tupu ili kaka alijaze punje nyekundu zilizoiva mbele ya wageni, kama ilivyokuwa desturi yetu: aliyechora ndiye anayemalizia. Asubuhi ya sherehe nikahamisha makopo, la kulia kushoto, la kushoto kulia. Ni hilo tu nililofanya.

Kaka alisimama na suti yake ya Kaunda, imepigwa pasi. Akachovya kulia, akasita kidogo, kisha akalijaza kapu punje moja moja, zote kijani. Mkulima wa Mbozi akipeleka kahawa mbichi ghalani hurudishwa nayo mbele za watu, na aibu yake haisahauliki.

"Hee! Kumbe sisi tunavuna mbichi?" mama mmoja akasema, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Mwenyekiti wa kijiji hakucheka. Alisema wametukanwa.

Kaka akanigeukia. "Mdogo wangu, nimekosea nini?" Aliuliza kwa sauti ya chini, nisikie mimi tu.

Nami nikajibu kwa sauti ya juu, wasikie wote: "Huyu haoni rangi! Hajawahi kuziona!"

Hakuna aliyempa kazi tena. Alirudi kwao kulima, mimi nikabaki na karakana. Mlangoni nikaandika MCHORAJI kwa herufi kubwa. Lakini sura nilizochora zilitoka kama viazi, na wateja walinicheka machoni.

Miaka ikapita, mke wake akaja na karatasi iliyokunjwa. Kaka alikuwa amefariki. Kabla ya kufa alijichora mwenyewe kwa penseli, yule yule hasa, mpaka kovu la kidevuni.

"Amesema rangi uweke wewe," mama yule akaniambia. "Amesema siku ile aliisikia harufu ya mafuta ya taa kwenye kopo la kulia. Ila alijiambia, mdogo wangu hawezi kunifanyia hivyo, basi akapaka."

Ala! Si angekufa nalo tu moyoni? Alinikomoa, na alijua atanikomoa.

Karatasi ninayo sandukuni. Makopo nayapanga mezani, nyekundu kulia, kijani kushoto, kisha nayafunika tena.