Tumbo la Papa Deo

Kosa ni langu, ndugu msomaji, na lilikuwa na kitambi.

Mwaka 2017 niliamka asubuhi moja mtaa wa Joubert Park, katikati ya jiji, nikavaa viatu, nikatoka. Kwenda wapi? Sikujua! Hata shule niliiacha mapema kwa ugonjwa huohuo: kila kilichokuwa nje ya dirisha kilinivuta. Miguu ikanifikisha mtaa wa La Rochelle, kusini mwa jiji. Nyuma ya nyumba moja nikamwona mama akifinyanga kichwa cha mtu.

Huyo ndiye Mama Goreti, Mtwa kutoka Burundi. Kwao ufinyanzi ni kazi ya ukoo tangu zamani. Yeye ameacha vyungu, anafinyanga watu wa kwao. Alikuwa anamalizia sanamu ya marehemu bibi yake, aliyemfundisha kazi. Picha ya bibi huyo haipo popote! Sanamu ikishachomwa, ilikuwa iende kwenye maonyesho.

"Unashangaa nini? Kanyaga udongo," akaniambia.

Nikakanyaga. Jioni nikapata chumba hapohapo kwa mwenye nyumba wake, Papa Deo wa Lubumbashi, mtu wa tumbo na makelele.

Eish, mikono yangu! Nikamfinyanga Papa Deo kwa siri, tumbo limeshindiliwa udongo. Mama alishanionya: sanamu huchimbwa ndani, ikakauka kabisa, ndipo iingie motoni. Nikaona ni maneno ya wazee. Siku ya kuchoma nikamchomeka Papa Deo kwenye kuni, ubavuni mwa bibi, ili Mama akifukua majivu acheke.

Pwaa! Tumbo likapasuka. Bibi akawa vipande.

Kilichopona ni kichwa cha Papa Deo, kikitabasamu. Mwenyewe akaja mbio, akakiokota.

"Njo mimi huyu?"

"Ni wewe, Papa," Mama akasema. "Tumbo lako limemuua bibi yangu."

Nikacheka. Jamani, nilicheka! Kisha nikamwona Mama akipangusa kigae chenye jicho moja.

"Sura yake sasa iko kichwani mwangu tu," akasema. "Na kichwa kinazeeka."

Papa Deo alinifukuza chumbani jioni ileile, nikaenda kupanga mtaa wa Kensington. Maonyesho yalipita bila bibi. Kila asubuhi narudi kukanyaga udongo, Mama anamtafuta bibi upya. Macho ameyapata, pua bado inamkataa. Kichwa cha Papa Deo amekiweka dirishani kinisimamie kazi.

Wenzangu wapenda utani, nawasihi: ukimfinyanga mwenye nyumba, mtoe matumbo kwanza. Na mchome peke yake!