Mtaji Uliolala Darini

Kabla hajaitwa Faida, aliitwa Fundi tu, na mdomo wake ulikuwa mrefu kuliko randa yake. Shule aliiacha mapema, ila yeye alidai shule ndiyo iliyomkimbia, iliona itashindwa. Kwa milango lakini, mpe haki yake. Mlango wa Fundi ulikuwa unausukuma kwa kidole unaitika "tap", kama mtoto mwenye adabu.

Darini mwa karakana aliyopanga kulikuwa na mbao za mvule alizoachiwa na marehemu baba yake, zimepangwa na kutenganishwa kwa vijiti ili upepo upite. Baba alikuwa na sheria moja: ukitoa ubao mkavu, weka mbichi mahali pake, na usiuguse mpaka siku utakapougonga ukalia. Fundi aliifuata sheria hiyo bila kuuliza, kama mtu anavyovaa suruali.

Mwaka huo mwenye karakana akatangaza anaiuza. Bahati nayo ikabisha hodi: tajiri mmoja akampa Fundi tenda ya milango ya ghorofa jipya. "Ikinipendeza hii," akamwambia, "majengo yangu yote ni yako." Hesabu ikawa wazi. Milango ikikubalika, karakana ananunua yeye.

Akaona mtu wa kununua karakana lazima ajue fedha. Akajiunga na mafunzo ya Jumamosi, chumba cha juu ya duka la dawa, kwa mwalimu mmoja binti mpole mwenye miwani. Hatua ya kwanza ilikuwa bajeti. Alirudi nyumbani akamuuliza mkewe kama sukari ni hitaji au tamaa.

"Sukari ni hitaji," mke akasema. "Tamaa ni vile vijiko vyako vinne."

Ya pili ilikuwa akiba na riba. Akajua jinsi riba inavyozaa riba, akawahubiria mafundi wenzake mpaka wakambandika jina la Faida. Alilipokea kama cheo.

Hatua ya tatu, mtaji. "Nani hapa ana mali imekaa tu, haizalishi?" mwalimu akauliza. Wenzake wakatazama viatu vyao. Faida akasimama.

"Mimi, mwalimu. Nina mtaji umelala darini, unakoroma."

Darasa likaangua kicheko, wengine wakapiga makofi. "Basi uamshe, fundi," mwalimu akasema. "Ila pima kwanza, hiyo mali inakufanyia kazi gani?"

Hilo la pili halikumfikia. Alikuwa bado anapokea makofi.

Jumatatu yake mbao zote zikashuka. Mnunuzi alikuwa Kobe, fundi jirani, mzito wa kutembea na mzito zaidi wa kusema. Mke wa Faida akaishika ngazi.

"Baba watoto, na ile tenda?"

"Mbao ziko kiwandani, mke wangu. Unanunua siku unayozihitaji. Kwa nini niulipie kodi ubao uliolala, wakati mimi mwenyewe silali?"

"Baba yako angesemaje?"

"Baba hakufika hatua ya tatu."

Pesa akanunulia hisa. Na asisingiziwe mtu hapa, hisa zilipanda. Akatembea mtaani kifua mbele, hata salamu akawa anazitoa kwa mafungu.

Milango ya tajiri akaichonga kwa mbao za kiwandani, mbichi. Mikono ilijua. Maranda yalitoka yamelowa, yakimnata vidoleni, naye akajiambia vanishi itafunika. Samaki ndiye anayekunjwa angali mbichi. Ubao mbichi haungoji mtu, unajikunja wenyewe. Lilipokolea jua la kiangazi, mlango mmoja ukaacha mwanga kupita juu, mwingine chini. Wa tatu ukamfungia mpangaji chooni, akatolewa kwa nyundo.

Tajiri hakugomba. Alimtembeza mlango kwa mlango, kisha akasema, "Fundi, milango yako naijua. Hii ni ya nani?"

Hisa zikauzwa, na faida yake yote, kurudisha malipo. Karakana akainunua muuza magodoro.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa hatua ya juu kabisa, hatifungani. Alikwenda, kwa kuwa ada alishalipa. "Hapa unaweka fedha, huzigusi," mwalimu akaeleza. "Ukizitoa kabla hazijaiva, umejikata mwenyewe. Anayefanya kazi ni muda. Nani ana mfano?"

Darasa zima likamgeukia Faida, likingoja kichekesho. Akatazama viatu vyake.

Cheti alipewa. Hakuwa na karakana ya kukitundika.

Tenda ikahamia kwa Kobe. Siku moja Kobe akaja, akasimama mlangoni muda mrefu kama kawaida yake. "Njoo unisaidie kupachika," akasema hatimaye. "Mkono wako mwepesi kuliko wangu. Nitakulipa kwa siku."

Faida akaenda. Ghorofani akaubeba mlango wa kwanza, akaugonga kwa fundo la kidole. Ukalia.

"Mkavu huo," Kobe akasema.

"Najua."

Akafunga bawaba, akausukuma kwa kidole. Tap.

Jioni mke akamuuliza, "Umefanya nini leo, baba watoto?"

"Nimetundika milango ya baba," akasema, akasogeza kikombe. Sukari aliweka kijiko kimoja.