Daftari la Makosa la Karakana ya Pampu

Siku yangu ya kwanza karakanani nilivaa viatu vyeupe vya kanisani, na kabla ya saa nne asubuhi vilikuwa vimeloa mafuta machafu. Nilikuwa nimeajiriwa kuwa karani wa kadi za kazi. Kadi ya kazi ni karatasi ngumu inayofuatana na pampu tangu inaposhushwa kwenye gari ikiwa mbovu mpaka inapopandishwa ikiwa nzima: imetoka kisima gani, ina ubovu gani, nani kaifungua, nani kaifunga, nani kaijaribu. Nyinyi mnaobonyeza kompyuta mkaona kila kitu mtacheka, lakini kadi ile ikipotea, pampu nayo imepotea hata kama iko mbele ya macho yako.

Karakana yetu ilikuwa Dodoma mjini, chini ya shirika la umma ambalo sasa halipo. Tulitengeneza pampu za visima virefu, maana kwetu kwenye nyanda hizi kavu maji hayaji juu yenyewe, unayafuata chini. Pampu ikifa, kijiji kinarudi kufukua mchanga wa korongo kwa mikono. Hilo sikufundishwa na shirika. Nimekulia huko.

Mtu wa kwanza kunisemesha alikuwa Maganga, mkerezaji, yaani fundi wa ile mashine inayozungusha chuma huku kisu kikikimenya. Aliangalia viatu vyangu, akaniuliza kwetu wapi. Nikamwambia mimi Mgogo.

"Kumbe watani zangu!" akapaza sauti karakana nzima isikie. "Babu zenu waliwatoza babu zetu hongo kwa maji ya Mungu. Leo mimi Mnyamwezi ndiye nawatengenezea pampu. Hongo yangu iko wapi, dada?"

"Babu zako walibeba mizigo ya watu mpaka pwani wasiulize ndani mna nini," nikamjibu. "Tulia hapo, mpagazi. Hujaruhusiwa kupita."

Watu wakaangua kicheko, na mimi nikajua nimefika kazini. Mgogo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, Wanyamwezi wakibeba mizigo kwenda pwani na Wagogo wakiwatoza hongo, yaani ushuru wa kupita na kunywa maji. Mtani anaweza kukwambia lolote mbele ya watu, na ukinuna, aibu ni yako. Kwa miaka mingi niliuona utani huu kuwa ni wa kupunguzia uchovu tu.

Kisha ikaja miaka ya ruksa na soko huria. Mitumba ikajaa Chang'ombe yetu ya Dodoma, maduka yakapakwa rangi, na mashirika ya umma yakaanza kuuzwa moja moja. Neno la "kupunguzwa" likaingia karakanani. Zamani lilikuwa neno la bei, sasa likawa la watu. Asubuhi moja Meneja wa Karakana, mtu mrefu aliyefunga tai hata kwenye joto la Oktoba, akatukusanya mbele ya tangi la majaribio.

"Kazi ya visima vya vijiji sasa inashindaniwa," alisema. "Wanaotoa kazi hiyo wanataka cheti cha ukomavu wa taratibu, ngazi ya tatu. Tusipokipata, milango inafungwa na mashine zinauzwa. Sitaki kuwadanganya."

Nilichaguliwa mimi kusimamia jambo hilo, kwa sababu ya mwandiko wangu mzuri. Cheti chenyewe kilikuwa na ngazi tano. Ngazi ya kwanza ni mahali ambapo kila fundi ana lake kichwani, na akiugua, kazi nayo inalala. Ya pili, mnaweza angalau kurudia leo mlichofanya jana. Ya tatu, njia ya kazi imeandikwa, wote wanaifuata, na mkikosea mnajua mmekosea wapi na mnairekebisha. Za juu yake ni za watu wanaopima kila kitu, nasi hatukuwa na tamaa hiyo. Sharti moja la ngazi ya tatu lilikuwa daftari la makosa lenye safu nne: kosa, chanzo, tulichobadili, na nani kaliona.

Nikaandika taratibu zote, toka kufungua boliti ya kwanza mpaka kuendesha pampu saa nzima ndani ya tangi. Nikalifunika daftari kwa karatasi ya kaki, nikalitundika kwa kamba ukutani. Miezi sita baadaye akaja Mkaguzi kutoka Dar es Salaam, mama mfupi, mpole, mwenye miwani aliyoifunga kwa uzi. Akalifungua daftari. Lilikuwa jeupe. Hata alama ya kidole chenye grisi haikuwamo.

"Miezi sita hamjakosea?" aliuliza.

"Hatujakosea, mama," alijibu Meneja kwa fahari.

Mkaguzi akatembea mpaka nyuma ya jengo, akasimama mbele ya rundo la shafti zilizokatika, vile vyuma virefu vinavyozungusha pampu, na beringi zilizoungua. Akaokota beringi moja, akaiweka mezani kwangu juu ya daftari jeupe.

"Basi hii imetoka mbinguni," alisema. Akatupatia ngazi ya kwanza, na mwaka mmoja wa kujitengeneza kabla hajarudi. Tukishindwa mara ya pili, hakuna ya tatu.

Niliona haya, nikakasirika pia, maana nililijua tatizo na nililifumbia macho. Kumwandika mwenzako kwenye daftari la ofisi, kwetu, ni kumchongea. Na wakati ule wa kupunguzwa, nani angethubutu? Niliwasihi, niliwatisha, nikawaahidi hakuna atakayeadhibiwa. Wakaniitikia "sawa, dada", na daftari likabaki jeupe.

Dawa niliipata bila kuitafuta. Siku moja nilikosea kuandika ukubwa wa gasketi kwenye kadi, ile ngozi inayowekwa kati ya vyuma maji yasivuje. Maganga akaja mbio ameinua kadi juu.

"Jamani, tazameni! Mgogo anataka kumvalisha mtu mzima kaptula ya mtoto!"

Wote wakacheka, mimi nikicheka kuliko wote, na kadi nikaisahihisha papo hapo. Nilipokaa ndipo likanijia: nimeambiwa kosa langu mbele ya watu thelathini na tisa, na sina kinyongo hata chembe.

Nikaenda kwa Meneja. Nikamwomba kila fundi apewe mtani wake, huyo ndiye awe macho ya meza yake, na huyo ndiye amwandike.

"Dada Eliana," alisema, "hapa ni kazini. Utani ni wa msibani."

"Mzee, sisi tuko msibani tayari. Tumebakiza miezi kumi tuzikwe."

Alilegeza tai. "Jaribu mwezi mmoja."

Tukajipanga. Waliokuwa na watani wa kabila walipata kazi rahisi. Fundi umeme wetu, mzee wa Kirangi kutoka Kondoa, hakuwa na mtani, tukamfanya babu wa wote, maana babu na wajukuu hutaniana bila kugombana. Daftari likajaa mafuta na vidole. Maganga aliandikwa na mimi: "Amekereza shafti nyembamba kuliko kipimo. Chanzo: alikuwa akisimulia mpira. Tulichobadili: simulizi baada ya kupima." Ni mzaha, lakini ndani ya mzaha kuna kipimo, na shafti za kurudiwa zilipungua tukiona kwa macho. Kila Jumatatu tulisoma kurasa kwa sauti, na aliyetajwa ndiye aliyesimama kueleza marekebisho.

Sasa nifike pale ambapo ningependa nisifike.

Zilibaki wiki tatu Mkaguzi arudi. Gari la kijiji kimoja kule mbele ya Msalato lilikuwa linasubiri pampu, dereva anapiga honi, na Meneja alikuwa amepita mara mbili akiangalia saa yake. Pampu ilikuwa imezunguka kwenye tangi dakika chache tu. Nikasaini kadi kwamba imejaribiwa saa nzima. Nilisaini nikiwa mezani kwangu, nimekaa. Siku ya tatu pampu ilikufa kisimani.

Maganga hakupaza sauti safari hii. Alilichukua daftari, akaandika, akalirudisha kwenye kamba. Nikasoma: "Eliana amesaini jaribio ambalo hakuliona." Hapakuwa na kaptula wala hongo.

"Huu sio utani," nilimwambia.

"Sio utani," alisema, na akarudi kwenye mashine yake.

Nilimchukia, nasema wazi. Mwaka mzima nilikuwa nikiwahubiria watu habari ya daftari lile, na sasa lilikuwa limenigeukia. Meneja aliniita ofisini, akafunga mlango.

"Ukurasa mmoja tu, dada. Kadi ya uongo ni jambo zito, Mkaguzi akiliona ametuangusha. Watu arobaini wana watoto. Na wewe utakuwa wa kwanza kupunguzwa. Uchane, mimi sijaona."

Kesho yake niliomba niende na gari lililopeleka pampu nyingine kule kijijini. Nilitaka kuona. Wanawake walikuwa korongoni, mmoja yuko ndani ya shimo la mchanga mpaka mabegani, anachota kwa kibuyu. Niliwaamkia. Aliyekuwa shimoni, mtu mzima sawa na mama yangu, alinipandishia kibuyu akanikaribisha kwa Kigogo ninywe kwanza, kwa kuwa mimi ni mgeni na nimetoka mbali. Nilikunywa. Hakujua ananinywesha nani.

Niliporudi sikuuchana. Nilikaa mezani nikajaza zile safu mbili alizoniachia Maganga. Chanzo: "Karani alisaini amekaa, kwa sababu gari lilikuwa likisubiri." Tulichobadili: "Jaribio liwe na kadi yake, isiyokwenda mezani kwa karani. Ifungwe kwenye tangi. Anayesaini asimame hapo saa nzima, na fundi asaini pamoja naye." Siku hiyohiyo nikatoboa kadi mpya, nikaifunga kwenye tangi kwa waya.

Mkaguzi alikuja Alhamisi. Alisoma daftari lote, akicheka peke yake hapa na pale, mpaka akafika ukurasa ule. Hakucheka.

"Eliana ni nani?"

"Ni mimi, mama."

Akamgeukia Meneja. "Bado yuko kazini?"

Meneja alishika tai yake. "Yuko," alisema. "Mimi nilimwambia auchane ukurasa huo. Alikataa. Andika na hilo kwenye taarifa yako, maana nalo ni kosa, na mwenye nalo ni mimi."

Mkaguzi akaomba kalamu. Hakuandika kwenye taarifa yake, alimsukumia Meneja daftari letu. Meneja akaandika kosa lake kwa mkono wake, safu zote nne, mbele yetu sote. Ndipo mama yule akainuka, akaenda kwenye tangi, akaishika kadi iliyofungwa kwa waya, akaivuta kuona kama itatoka. Haikutoka. Cheti cha ngazi ya tatu kilifika baada ya mwezi, na kazi ya visima tukaipata.

Sitawadanganya kwamba cheti kilituokoa milele. Baada ya miaka kadhaa karakana iliuzwa hata hivyo, na mnunuzi akaigeuza ghala. Nilihamia idara ya maji kule Kongwa, kisha nikarudi mjini, na kote nilitundika daftari ukutani kabla sijauliza kiti changu kiko wapi. Nimestaafu sasa, ninakaa Makole. Vijana huja kuniuliza siri ya kupata cheti. Nawaambia wanieleze kwanza: kwenu kazini, nani anaweza kumwambia mwenzake amekosea, na kesho wakala meza moja?

Maganga amefariki mwaka huu, nyumbani kwake Chang'ombe. Nilikwenda kama mtani, na kazi ya mtani msibani ni kumsema marehemu. Nilikuwa na lile daftari. Nililiokota siku mnunuzi alipotupa makaratasi yetu nje. Nikasimama karibu na jeneza nikasoma makosa yake yote, shafti na simulizi za mpira, na waombolezaji wakacheka huku wakijifuta machozi. Nilipofika ukurasa wangu nikaufunua upesi niupite.

"Usiuruke huo, wifi," alisema mjane wake. "Siku ile alirudi nyumbani akashindwa kula. Aliniambia, leo nimemwandika mtani wangu bila kucheka, sijui kama atanisemesha tena."

Miaka yote hiyo sikuwahi kujua. Nikausoma wote kwa sauti, mpaka jina lake kwenye safu ya nne. Kisha nikalifunga daftari, nikaweka mkono juu ya jeneza.

"Pita, mpagazi," nilimwambia. "Hongo ulishalipa."