Augustine Afungua Rejista Ujerumani

Mume wangu Augustine ni soja, na nisikusikie ukimwita kitu kingine. Analinda geti la vila moja hapa Doha, mtaa wa Abu Hamour, mwaka wa saba sasa. Ana rejista yake, daftari jeusi lenye mistari aliyoipiga kwa rula: jina, saa ya kuingia, saa ya kutoka, sahihi. Fundi wa AC anaandikwa. Anayeleta maji anaandikwa. Mimi mke wake wa ndoa ya kanisa, siku nilipompelekea miwani aliyosahau nyumbani, niliandikwa.

"Unamwona nani?" akaniuliza, uso mkavu kabisa.

"Namwona mjinga mmoja," nikamjibu.

Akaandika: Phoebe, mgeni wa soja. Nilitia sahihi nikamrushia miwani yake.

Sasa mwaka jana mwezi wa sita, tajiri wake, ambaye wafanyakazi wote wa ile nyumba humwita Baba, akanunua kamera kumi na sita na geti la kujifungua lenyewe. Akamwita Augustine, akamwambia kwa upole, maana si mtu mbaya, kwamba kazi yake itaisha mwezi wa tisa. Na hapa kibali cha kukaa kimefungwa kwenye kazi. Kazi ikienda, na wewe unapanda ndege.

Mimi nilikuwa nimekaa Doha peke yangu miaka minne, natandika vitanda vya hoteli, yeye yuko kwetu Kenya, Butere, tunaonana kwenye simu tu. Ndipo akapata hilo geti, tukapata na chumba chetu mtaa wa Al Mansoura, kidogo lakini chetu. Halafu unaniambia turudi kwenye simu? Haki ya Mungu nililia. Siku ile nilitandika vitanda kumi na vinne nikilia, mpaka mgeni mmoja akaniachia chokoleti.

Kabla huo mwezi wa tisa haujafika, mama yake Baba, mama mzee tunayemwita Mama Kabira, akatakiwa kwenda Ujerumani kuwekewa goti jipya. Familia nzima ikaamua kumsindikiza, na Faridah, msichana wa Uganda anayemtunza. Akahitajika pia mtu mwenye mikono, wa kusukuma kiti cha magurudumu. Nani mwingine? Mtu aliyekula ugali wa Butere miaka yote hiyo ana kisingizio gani?

Haya ninayosimulia nimeyapata kwa wawili: Augustine, ambaye huongeza chumvi, na Faridah, ambaye huipunguza. Wanapokubaliana ndipo ninapoamini.

Mimi nilidhani Ujerumani ni magorofa na magari. Kumbe walipelekwa shamba, sehemu inaitwa Eifel, vilima na ng'ombe na misitu, na kila kilima unachogeukia kina ngome ya kale juu yake. Nyingine nzima, nyingine magofu matupu. Mama Kabira akazipenda vibaya sana. Akimaliza mazoezi ya goti tu, anasema, "Yalla, ngome!" yaani twende. Wajukuu wakachoka siku ya pili. Augustine hakuwa na ruhusa ya kuchoka, akasukuma.

Na kila ngome aliikagua kwa jicho la kazi. Alikuwa akinitumia ujumbe wa sauti. "Phoebe, hawa watu walijua kujenga, lakini geti wameliweka upande mbaya. Soja akisimama hapa haoni kabisa ile ngazi ya mnara, imejificha nyuma ya ukuta." Dakika sita nzima! Mume wako yuko Ulaya kwa mara ya kwanza, unangoja akusimulie theluji, anakusimulia pembe ambayo soja haoni. Nilimjibu kwamba theluji haipo mwezi wa nane, hilo nalijua, lakini angalau angejaribu kunidanganya.

Ngome ya tano ndiyo iliyoleta maneno. Ilikuwa gofu la wazi, halina tikiti, halina mlinzi, lango halina hata mlango. Walifika na magari mawili. La mbele Baba, mkewe na watoto. La nyuma gari la kukodi na dereva wake Mturuki, limembeba Mama Kabira, Faridah na Augustine.

"Nani analinda hapa?" Augustine akamuuliza dereva.

"Hakuna mtu."

"Tangu lini?"

"Labda miaka mia tatu."

Augustine akatazama zile kuta zilizomong'onyoka, akatikisa kichwa. "Ndiyo maana imebomoka," akasema. Hapo yeye na Faridah wanakubaliana, kwa hiyo alisema kweli.

Mama Kabira akasukumwa mpaka uani, akamwambia Augustine amwache na wajukuu, akapumzike. Apumzike! Umwonyeshe Augustine lango lisilo na mtu kisha umwambie apumzike? Alirudi langoni, akasimama wima, akatoa mfukoni kidaftari. Akapiga mistari kwa ukingo wa simu. Akaanza kuandika watu.

Alianza na wa kwao. Baba, saa tisa kamili. Mkewe na watoto, saa tisa kamili. Mama Kabira na kiti, saa tisa na dakika tano. Kisha wakaja Wajerumani wawili wazee na fimbo zao za kutembelea. "Good afternoon. Name, please." Mimi nilitegemea wamtukane. Wapi! Yule mzee akataja jina lake, herufi moja moja, kisha akachungulia daftari akasahihisha saa: ilikuwa tisa na dakika kumi na mbili, Augustine aliandika kumi. Waliokuja nyuma wakapanga foleni bila kuambiwa. Mama mmoja akauliza kama mbwa naye anaandikwa. Augustine akafikiri, akaona mbwa anaingia kwa miguu yake. Akamwandika.

Faridah alikwenda kujificha garini. Anasema aibu ile ilimpanda mpaka masikioni.

Baba naye akatokea, simu mkononi, maana huko kote alikuwa akiangalia kamera zake za Abu Hamour. Angeweza kukuonyesha paka aliyepita uchochoroni Doha dakika hiyo hiyo. Akainua macho, akaona foleni.

"Augustine! Unafanya nini?"

"Nawaandika, Baba."

"Hapa si kwako! Hata kwangu si hapa!"

"Ndiyo, Baba. Na wewe hujatia sahihi."

Jamani, huyu mtu ananitakia mema kweli? Kazi imebaki wiki nne, badala ya kumnyenyekea mtu anamdai sahihi! Baba aligeuka mwekundu, akamwambia afunge hicho kidaftari, watazungumza nyumbani.

Mawingu yakaja, matone yakaanza. Watu wakakimbilia magari. Augustine akasimama palepale langoni akiwapigia tiki wanavyotoka: wale wazee na fimbo, mbwa, mke wa Baba, watoto. Dereva akakuta kiti cha magurudumu kitupu uani, akakikunja, akakitia nyuma ya gari. Magari yakawashwa. Baba akateremsha kioo.

"Yalla, Augustine! Panda!"

"Siwezi, Baba. Mama hajatoka."

"Mama yuko gari lenu!"

"Rejista inasema yuko ndani."

"Ukitaka kubaki na rejista yako, baki nayo hapo hapo!"

Miaka yote ile yule mwanamume hakuwahi kumwambia Baba hapana. Lakini alisimama mbele ya gari la tajiri wake, mvua inamnyeshea, akarudia, "Mama hajatoka."

Baba akashuka kwa hasira, akaufungua mlango wa gari la nyuma amwonyeshe mama yake. Akamkuta Faridah peke yake.

"Mama yuko wapi?"

"Si yuko kwenu na watoto?" Faridah akasema, na hapo hapo akaanza kulia.

Baba akakimbia ndani akiita, mkewe anaita, dereva anaita kwa Kituruki. Uani hakuna mtu. Augustine hakuita. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya ukuta, kwenye ile pembe ambayo soja haoni. Walijenga zote namna moja, wajinga wale. Ngazi ya mnara ilikuwa hapo, na kwenye kidato cha kumi na saba alikuwa ameketi Mama Kabira, ameshika ukuta kwa mikono miwili, analia. Alikuwa ametaka kupanda mwenyewe, mtu asimshike. Goti likapanda, likakataa kushuka. Aliita mpaka sauti ikakauka, upepo ukaichukua.

Augustine akambeba mgongoni. Walipofika chini, mama mzee akamtazama mwanawe.

"Nani alijua sipo?"

Baba akatia simu mfukoni.

"Hiyo simu yako ilijua?"

"Hapana, yumma."

"Basi," akasema Mama Kabira.

Na unadhani waliondoka? Langoni Augustine akasimama, mama wa watu mgongoni, akaomba sahihi ya kutoka. Baba akashika mwavuli. Mama Kabira akasaini juu ya bega la Augustine. Kisha Baba akanyoosha mkono, akachukua kalamu, akasaini na yeye.

Mimi huku sikujua lolote. Tangu ujumbe wa ile ngome ya nne alikuwa kimya, eti alitaka kuniambia uso kwa uso. Nilikuwa nimeshayakunja maisha yetu kwenye masanduku. Suti yake ya harusi chini, viatu juu, kuna koti nilikuwa nimelinusa kabla sijalikunja, na sioni aibu kulisema. Alipoingia mlangoni jioni aliyorudi akaona masanduku yale matatu yamesimama, akayapita, akaketi kitandani, akanisimulia yote. Geti jipya litawekwa, kamera zitakaa, na yeye atakaa. Mama Kabira ameamua, na katika nyumba ile akiamua yeye hakuna rufaa.

"Na ulishindwa kunipigia?" nikamfokea. "Wiki mbili nimekunja nguo kama za marehemu!"

Akatoa kile kidaftari, akafungua ukurasa mpya, akaandika jina lake: Augustine. Kuingia: saa kumi na moja na robo. Kwenye safu ya kutoka akapiga mstari mrefu mpaka mwisho wa karatasi.

"Tia sahihi," akasema.

Nikatia, machozi yananidondokea kwenye wino, kisha nikamwambia avue hivyo viatu, ameniletea matope ya Wajerumani kwenye zulia.