Ndoo ya Panya Weupe

Kabla Violet hajaletwa kutoka Lundo, kwa wavuvi wa Ziwa Nyasa, Ottilia ndiye aliyekuwa mkono wa kuume wa Dokta William katika maabara ndogo ya ubongo pale Mbinga. Yeye ndiye aliyemfundisha Violet kushika wembe. Sasa alijuta.

Dokta alikuwa akitafuta njia za neva zinazoingia thalamasi, kile kituo katikati ya ubongo kinachopokea habari za mwili na kuzipeleka juu. Panya mweupe alichomwa sindano ya usingizi, akadungwa tone la rangi ndani ya kituo hicho. Rangi ilirudi kinyumenyume kwenye nyuzi hadi katika chembe zilikoanzia. Baadaye panya aliuawa, mwili ukapitishiwa formalini, dawa yenye sumu, ili ubongo ugande, kisha ubongo ukakatwa vipande vyembamba kuliko karatasi. Palipong'aa chini ya hadubini ndipo njia ilipotokea.

Vipande vya Ottilia vilikuwa safi. Vya Violet vilikuwa safi zaidi, na mwezi wa Julai mmoja kati yao wawili angepelekwa Morogoro kusoma. Ottilia alianza kulalamika kwamba chakula cha Violet kinanuka samaki. Hakikunuka.

Siku moja zamu ya kuchoma mizoga ilikuwa ya Violet. Alikuwa amefika na ndoo mlango wa nyuma Dokta alipopiga kelele kutoka chumba cha giza.

"Violet! Njoo uone, chembe zinang'aa mpaka za shina la ubongo!"

Violet akaiacha ndoo, akakimbia. Ottilia naye alikwenda, akainamia hadubini. Chembe zilizopokea habari za sharubu za panya zilikuwa zimewaka kijani, moja moja, bila doa.

"Ottilia, mama, sogea kidogo mwenye kazi yake aone," Dokta akasema.

Alisogea. Akasogea mpaka nje.

Huko nyuma Mzee Pankras, mlinzi aliyeanza kazi juzi, alikuwa akiwahamisha panya kutoka kwenye ndoo kwenda kwenye mfuko wake. Mahindi yalikuwa yamevunwa, na Mmatengo gani asiyejua utamu wa panya wa shambani baada ya mavuno? Hawa walikuwa wanono kuliko wa shambani, na kumbe wanatupwa!

Ottilia alifungua mdomo. Kisha akawaza: kesho wataulizana zamu ilikuwa ya nani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Za kazi?"

"Nzuri," akajibu, akarudi ndani.

Hakuna aliyemlazimisha. Alijua formalini inavyounguza tumbo la mtu, akamwamkia mzee na kumwacha aondoke na sumu. Alikaa mbele ya mashine ya kukatia, lakini kila kipande kilichanika. Alikata, kikachanika, akakata tena. Zamu ya mlinzi ilipoisha akamwona anatoka getini na mfuko wake, anapiga mluzi. Nusu saa baadaye ndipo alipotupa koti la maabara, akasimamisha bodaboda na kuulizia kwa mzee.

Alimkuta Mama Kunigunda, mke wa mzee, amekwisha kuwachomeka panya kwenye vijiti juu ya moto. Ottilia hakubisha hodi. Alipiga teke vijiti vyote vikaanguka majivuni.

"Msile! Wana dawa!"

"Dawa gani?" Mama Kunigunda akasimama na mwiko mkononi. "Wewe mwanamke, hata kitoweo cha wenzio unakionea wivu?"

"Wana sumu, mama. Nisameheni. Mmeonja?"

"Tungeonja saa ngapi, nawe umeshatumwagia?"

Mzee Pankras alimgeukia.

"Si uliniona nikiwatoa kwenye ndoo?" akauliza. "Ukaniamkia vizuri kabisa."

Ottilia aliinama, akaanza kuwaokota panya majivuni na kuwarudisha mfukoni.

Asubuhi mzee alimweleza Dokta yote. Violet alikemewa kwa kuacha ndoo, akalia. Kisha Dokta akamgeukia Ottilia.

"Ulimwona?"

"Nilimwona."

"Na ulinyamaza?"

"Nilitaka Violet aonekane mzembe."

Violet aliacha kulia. Alimtazama mwalimu wake kama mtu asiyemfahamu, akachukua ndoo, akaenda kuiosha.

Ni Violet aliyekwenda Morogoro. Huwatumia picha, amesimama kando ya hadubini kubwa, anacheka. Ottilia huzikuza kwa vidole, akatazama hadubini ile, na moyo bado humuuma. Mzee Pankras akipita dirishani, Ottilia ndiye huinamisha kichwa kwanza.