Mzee Kila Ukurasa

Niseme ukweli, maana mimi simung'unyi maneno: ule muhuri nilikuwa nauchukia. Kidude chenye mpini wa mbao, duara lenye jina lake na namba yake ya usajili, basi. Lakini mume wangu alikuwa haachani nao. Akienda kuoga, anaingia nao. Tukienda harusini, umo mfukoni mwa koti. Siku moja dada yangu alimtania, "Shemeji, hivi ukifa tukuzike nao?" Akajibu bila hata kutabasamu, "Hapana. Mhandisi akifa, muhuri unarudishwa bodi ya wahandisi. Ndiyo sheria." Dada alinitazama kwa huruma, nami nikajitia nahangaika na sahani.

Sheria zenyewe nilizijua zote. Miaka thelathini na moja ya ndoa, utaacha kuzijua? Muhuri ni wa mtu mmoja, haukopeshwi hata kwa ndugu wa tumbo moja. Haugongwi kwenye karatasi tupu. Haugongwi kwenye kazi ambayo hukuifanya wala kuisimamia. Na michoro ya jengo inagongwa kila ukurasa, sahihi na tarehe juu yake, si jalada tu. Wenzake wengi waligonga jalada wakaenda zao kunywa chai. Yeye, hata kama kurasa ni arobaini, anakaa mezani sebuleni anagonga zote arobaini, anapuliza wino ukauke, chakula kinapoa, mimi nimenuna. Mafundi wakambandika jina: Mzee Kila Ukurasa. Walimcheka, lakini walimwamini kupita kiasi.

Halafu kiharusi kikampiga. Mdomo ulirudi sawa baada ya wiki chache, miguu ikarudi nusu, mkono wa kulia ukagoma. Mtu aliyekuwa anachora mstari mnyoofu bila rula, sasa kijiko kinamshinda. Nilikuwa namlisha huku tumeangalia pembeni, kila mtu na aibu yake.

Kazi ya mwisho aliyokuwa ameipigia hesabu kabla hajaugua ilikuwa zahanati ya ghorofa mbili. Mkandarasi wake alikuwa shemeji yangu, mdogo wake wa mwisho, mtu wa maneno matamu na viatu vinavyong'aa. Asubuhi moja akaja mbio na michoro imefungwa vizuri, kurasa ishirini na sita. "Kaka, ofisi ya vibali inafunga saa sita. Nigongee niwahi."

Mume wangu akaikagua michoro ukurasa kwa ukurasa, na ilikuwa ileile aliyoichora yeye. Akagonga jalada, akatia sahihi. Sahihi peke yake ilimchukua dakika nzima, jasho linamtoka. Akaingia ukurasa wa kwanza. Mkono ukacheza, wino ukatapakaa. Ukurasa wenye muhuri uliochafuka haufai, lazima uchapwe upya, kwa hiyo akauchomoa, akautupa chini. Wa pili, vilevile. Nilimwona machozi yanamlengalenga, mwanamume yule ambaye hakulia hata kwenye msiba wa mama yake.

Roho yangu haikuweza. Nikasema, "Baba, upumzishe huo mkono. Jalada limetosha kwa leo. Akishapata kibali ailete kesho, umalizie polepole."

"Haiwi hivyo," akasema.

"Inakuwa!" Nikauchukua muhuri mkononi mwake, nikaufunika, nikauweka kabatini. Hakunizuia. Shemeji akaapa kwa mbingu na ardhi kwamba kesho yake asubuhi atarudi na kurasa mbili zilizochapwa upya na nyingine zote. Akaniita mama wa busara. Nami nikavimba kichwa.

Kesho hakuja. Mume wangu akapiga simu, akaambiwa ofisi imepokea, hakuna shida. Wiki ya pili akapiga tena, na tena. Simu ikawa haipokelewi. Akaniomba nimpeleke kwenye ujenzi kwa teksi. Nikamwambia aache kujitesa, mdogo wake si mtoto. Hapo pia ni mimi. Mara mbili!

Zahanati ilianguka siku ya kuondoa miti iliyokuwa imelishikilia zege la ghorofa ya pili. Ilikuwa mchana kweupe. Walikufa watatu: fundi wa nondo, fundi seremala, na mama mmoja aliyekuwa anateka maji ya kuchanganyia zege. Nguzo zilikatika katikati.

Mume wangu aliinuka kitini. Alijikokota hadi kabatini akatoa nakala, maana sheria pia inamtaka mhandisi abaki na nakala ya kazi aliyoigonga. Akanionyesha kwa kidole: nondo za nguzo, unene milimita kumi na sita. Kisha akanionyesha picha ya mchoro uliokutwa kwenye ujenzi, ambayo bodi ilimtumia pamoja na barua ya kumwita. Milimita kumi na mbili. Jalada ni lake, muhuri ni wake, sahihi ile ya kutetemeka ni yake. Kurasa za ndani zilikuwa zimechomolewa zote zikatiwa nyingine.

Shemeji akaja kabla ya kikao, viatu vina vumbi. Alipiga magoti kwenye zulia letu. "Kaka, sema ulibadilisha mwenyewe. Sema ugonjwa ulikuchanganya. Wewe umeshamaliza kazi, watakufuta tu, yataisha. Mimi nitafungwa. Nina watoto wadogo, kaka."

Nilimtukana matusi ambayo sikujua ninayo. Mume wangu alimwacha apige magoti muda mrefu. Mwisho akamwambia, "Inuka uende nyumbani. Ukakae na wanao siku hizi zilizobaki," na wote watatu tukaelewa maana yake.

Siku ya kikao nilimsukuma kwenye kiti cha magurudumu, nakala iko mapajani. Chumba kilikuwa na meza ndefu, wajumbe watano wa bodi, na feni inayolia. Nakala ikapita mkono kwa mkono. Mwenyekiti akavua miwani akasema kwa sauti ya upole kwamba hesabu za mhandisi zilikuwa sahihi, kwamba suala la mkandarasi litaenda polisi, na kwamba kosa la kutogonga kila ukurasa, kwa mtu mgonjwa mwenye sifa kama zake, huenda likaisha kwa onyo. Nilimshukuru Mungu kwa sauti mpaka karani akanigeukia. Jina la mume wangu limepona! Nilikuwa tayari namwaza dada yangu nitakavyompigia simu.

Kisha wakamwita fundi mkuu wa ujenzi ule. Mtu mzima, mkono mmoja umefungwa bandeji. Hakuwaangalia wanabodi, alimwangalia mume wangu.

"Mzee, zile nondo niliziona nyembamba," akasema. "Mkandarasi akaniambia ndivyo ulivyochora. Nikaenda kufungua michoro. Ndani hamna muhuri hata mmoja. Mhandisi mwingine yeyote, ningesimamisha kazi palepale."

"Kwa nini hukusimamisha?" mwenyekiti akauliza.

"Nilijua anaumwa. Nikaona ile sahihi ya jalada ilivyotetemeka." Akamgeukia mwenyekiti. "Nikasema, masikini, Mzee Kila Ukurasa mkono umemshinda. Nikaona aibu kumpigia simu nimkumbushe ugonjwa wake. Mzee huyu hajawahi kukosea hesabu. Nikawaambia vijana tuendelee."

 Huruma hiyo naijua, ni yangu mimi.

Mume wangu akainua mkono wa kushoto, akaomba muhuri ambao nilikuwa nimeubeba kwenye mkoba. Akausukuma mezani hadi mbele ya mwenyekiti. "Andikeni nimefutwa," akasema. "Onyo halitoshi. Yule aliona jina langu akaacha kupima." Wakamsihi, wakamkumbusha miaka yake yote ya kazi. Akatia ngumu. Wakaandika.

Nyumbani nilimwambia lile ambalo sikulisema kikaoni. "Ni mimi niliyekuambia ugonge jalada. Ni mimi niliyekupokonya. Ulipaswa kuwaambia."

Akanitazama bila hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. "Muhuri haukuwa wako," akasema, "huwezi kuhukumiwa nao."

Alidhani amenitua mzigo. Lakini mjane wa fundi wa nondo anakaa mtaa wa pili kutoka kwetu, na hajui lolote la siku ile mezani kwangu. Kila tukikutana dukani ananiamkia kwa heshima, ananishika mkono, ananiuliza mzee anaendeleaje. Namjibu, "Hajambo, anakusalimu."